Kula Kucha: Stori ya Watu Waliotuita Wabovu

Wiki iliyopita niliposti video ya kupika chapati. Sekunde 40 tu. Nilikuwa nimepanga taa, nimechagua muziki, nimeficha sinki iliyojaa vyombo. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote haikusema lolote kuhusu chapati. Mtu aliuliza: "Sista, hizo kucha unakula wewe ama ni panya?"

Nilicheka. Nikajibu na emoji ya machozi. Halafu baada ya nusu saa nikaifuta video yote.

Kwa hivyo leo hakuna video, leo mnasoma.

Ndiyo, nakula kucha. Nimezila tangu nikiwa nasari. Mama alianza na pilipili. Alisaga, akanipaka vidole vyote kumi, akanivalisha soksi mikononi nikalala. Asubuhi nikavua soksi, nikasugua macho. Kilichofuata mnaweza kukimalizia wenyewe. Baadaye ukaja mwarobaini, halafu shubiri yenyewe, ile shosho alikata nyuma ya nyumba akasema hakuna mtoto amewahi kuishinda. Mimi niliishinda. Ukilamba kitu kichungu kila siku kwa mwezi mzima, mdomo unazoea, na mwishowe nilikuwa nafikiri kucha za watu wote zina ladha ya mwarobaini.

Shuleni nako kulikuwa na ukaguzi. Kila Jumatatu paredi, mwalimu wa zamu anapita kwa laini, unanyoosha mikono, ukipatikana na kucha ndefu unagongwa rula kwenye vidole. (Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Rula haikupata hiyo habari.) Sasa wale wenye walisahau kukata kucha nyumbani walikuwa wanafanya nini? Walizitafuna hapo hapo kwa laini, haraka haraka, kabla mwalimu afike. Fikiria laini nzima ya watoto, mikono mdomoni, kwa jina la usafi. Hiyo ndiyo siku pekee ya wiki mimi nilikuwa mfano mwema.

Mambo yalibadilika nikiwa mwaka wa pili chuoni, wiki ya mitihani. Nilikuwa nimevuta kijingozi kando ya kucha ya kidole cha kati, mkono wa kulia, kwa meno. Kitu nimefanya mara elfu. Kesho yake kidole kikawa chekundu. Siku ya tatu kilikuwa kimevimba kama ndizi mbivu na kinadunda kama spika ya matatu. Mdudu wa kidole. Sikulala. Asubuhi sikuweza kushika biro, na karatasi ya siku hiyo sikuifanya. Sikuacha chuo kwa sababu ya kidole, msininukuu vibaya, niliacha kwa sababu ya karo na sababu zingine ambazo si za leo. Lakini ile karatasi inakosekana, na ilikosekana kwa sababu ya kucha.

Kwenye kliniki walikipasua. Nitawaepushia rangi ya kilichotoka. Yule aliyenihudumia alikuwa mpole kwa mikono, lakini akiwa anafunga bandeji akaniangalia na kuuliza: "Mtu mzima kama wewe unakula kucha? Kwani una tatizo gani?"

Hilo swali limenikaa. Juu si yeye wa kwanza. Mama aliuliza hivyo, mwalimu aliuliza hivyo, na yule wa komenti aliuliza hivyo akitumia panya. Nikaanza kutafuta: nani alianza hili swali? Ni lini watu waliamua kwamba anayekula kucha ana kasoro ndani yake, si kwenye kidole?

Kwanza tumalizane na kidole, juu madhara yako na sitaki mtu aseme nimeyaficha.

Kuna ule ukingo wa ngozi laini unaoziba mahali kucha inaingia kwenye nyama. Kazi yake ni moja, kuzuia wadudu wasiingie. Ukiung'oa kwa meno umefungua mlango, na wakati huo huo umeleta mate yenye bakteria hadi mlangoni. Bakteria kama stafilokoka anaingia, usaha unajikusanya, na kwa sababu nafasi hapo ni ndogo sana, uchungu unakuwa mkubwa ajabu. Mapema unaweza kulowesha kidole kwenye maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku na kipone. Ukichelewa kinapasuliwa, na mara chache sana, ukipuuza kabisa, maambukizi yanafika kwenye mfupa. Ukila kucha miaka mingi unaweza pia kuumiza mzizi wenyewe, na kucha ikawa inaota na mifereji, au kitanda chake kikawa kifupi milele.

Safari ni ya kwenda na kurudi. Mtu mwenye vidonda vya herpes mdomoni anaweza kujipandikizia virusi kwenye kidole. Madaktari wa meno wa zamani walikuwa wakiupata ugonjwa huo wa kidole kutoka kwa midomo ya wagonjwa, kabla kuvaa glavu kuwa jambo la kawaida miaka ya 1980. Na sunzua za vidole nazo zinaweza kuhamia kwenye midomo. Meno ya mbele yanalika pembeni, fizi zinachomwa na vipande vya kucha, taya inachoka.

Halafu kuna minyoo. Wale wadogo weupe kama nyuzi. Jike anatoka usiku, mtoto akiwa amelala, anataga maelfu ya mayai kuzunguka njia ya haja kubwa. Panawasha. Mtoto anajikuna usingizini, mayai yanaingia chini ya kucha, asubuhi kucha inaingia mdomoni, na mzunguko unaanza upya. Ukiwa unakula kitu saa hii, pole. Ila huwezi kusema hukuambiwa.

Sawa. Hiyo ni habari ya kidole. Sasa swali.

Ukirudi nyuma sana, hakuna aliyekuwa anaona aibu. Kulikuwa na mwanafalsafa wa Ugiriki anaitwa Cleanthes, karne ya tatu kabla ya Kristo. Alikuwa bondia kabla ya kuingia falsafa. Alifika Athens na drakma nne mfukoni, mchana anasoma, usiku anateka maji na kumwagilia mashamba ya watu ili apate karo. Hasla wa ukweli, si wa kampeni. Zeno, mwanzilishi wa Wastoa, alipofariki, huyu mteka maji ndiye alirithi shule. Sasa, karne nyingi baadaye, katika karne ya tano baada ya Kristo, askofu mmoja wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, Sidonius Apollinaris, aliandika barua akieleza jinsi wanafalsafa wakubwa walivyokuwa wakichorwa. Socrates na nywele zake nyeupe, Diogenes na ndevu zake. Cleanthes? Vidole vilivyotafunwa. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake, kama vile msanii wa leo anajulikana na kofia. Kidole kilichotafunwa kilimaanisha huyu jamaa anafikiria sana.

Hata mshairi wa Roma, Horace, aliwahi kusema kwamba mwandishi aliye makini na kazi yake atajikuna kichwa na kutafuna kucha hadi kwenye nyama. Kwake hilo lilikuwa dalili ya mtu anayeogopa kutoa kazi mbovu. Nilipokutana na hiyo nilitaka kuichapisha kwenye fulana.

Ni nini kilitokea katikati? Kilitokea kitu kinaitwa karne ya 19.

Mwaka 1857 daktari Mfaransa, Bénédict Morel, alitoa kitabu kinene kuhusu kuharibika kwa binadamu. Wazo lake lilikuwa kwamba familia zinaweza kuoza kutoka kizazi hadi kizazi: babu mlevi, baba mwenye kifafa, mtoto punguani, halafu ukoo unakwisha. Na uozo huo, alisema, unaacha alama mwilini ambazo daktari anaweza kuzisoma. Ulaya ilipenda hilo wazo vibaya sana. Ghafla kila kitu kikawa alama: umbo la sikio, umbo la fuvu, kigugumizi, kukojoa kitandani. Na wazo hilo halikubaki hospitalini. Lilipanda meli na wakoloni, likatumika kupanga watu wote wa dunia kwa madaraja, na sisi tunajua tuliwekwa daraja gani.

Sasa akaingia Edgar Bérillon. Mfaransa mwingine, aliyezaliwa 1859, mtaalamu wa hipnosisi, ile ya kumlaza mtu kwa maneno na kumpa maagizo. Mwaka 1886 alianzisha jarida zima la hipnosisi. Katika miaka ya 1890 aliandika juu ya kula kucha, na hakuficha mawazo yake: aliihesabu tabia hiyo kati ya alama za watu walioharibika kwa uzao. Yaani mtoto wa darasa la tatu anatafuna kidole gumba akingoja zamu yake ya kusoma kwa sauti, na daktari anaona ukoo unaooza.

Tiba yake ilikuwa kumlaza mtoto kwa hipnosisi, kisha kumwambia kwamba mkono wake hauwezi kuinuka kufika mdomoni. Ajabu ni kwamba hiyo sehemu si ya kijinga kabisa. Alikuwa ameona kwamba mkono unasafiri kwenda mdomoni bila mwenyewe kujua, na kwamba hapo ndipo pa kuushika. Lakini badala ya kumfundisha mtoto kuuona mkono wake mwenyewe, alimlaza usingizi na kuutawala yeye.

Mnataka kujua huyu mtu aliishia wapi? Mwaka 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imepamba moto, Bérillon alichapisha, kama sayansi, kwamba Wajerumani kwa uzao wao wananuka, na kwamba wanaenda haja kubwa kupita binadamu wengine. Naapa. Mtu aliyesema kucha zangu ni ushahidi wa damu mbovu ndiye huyo huyo aliyesema taifa zima lina kinyesi kingi kwa asili. Nilipoisoma hiyo saa saba usiku nilikaa kimya kidogo, halafu nikacheka hadi jirani akagonga ukuta. Miaka yote nimebeba aibu, na mmoja wa walioisuka ni huyo.

Kisha ikaja zamu ya Sigmund Freud. Mwaka 1905 aliandika kwamba mtoto anayenyonya kidole anapata raha ya mdomo, na kwamba mdomo ndio kituo cha kwanza cha raha za mwili. Wafuasi wake wakaongezea kucha: anayezila akiwa mtu mzima amekwama kwenye kituo hicho, hakuhama utotoni. Haya, tulikuwa walioharibika, sasa tukawa watoto waliokwama. Hii ilipanda daraja kidogo, nakubali. Lakini mnaona mchezo ni ule ule. Bado mtu anatazama kidole chako na kukusomea nafsi.

Wakati hao wanabishana, wazazi dunia nzima waliendelea na uchungu. Nchi nyingine zilitumia shubiri, nyingine haradali, nyingine kwinini. Mwaka 1958 kampuni moja ya dawa huko Edinburgh, Scotland, ilikuwa ikitafiti dawa za ganzi za jamii ya lignokaini, ikaangukia kwa bahati kemikali chungu kuliko chochote kilichojulikana. Wakaiita denatoniamu. Chembe ndogo sana inatosha kuharibu glasi ya maji. Leo inawekwa kwenye spiriti ya viwandani ili watu wasiinywe, na ndiyo iko kwenye zile rangi za kucha za kuzuia kutafuna unazoona kwenye duka la dawa. Yaani wanasayansi walifika hasa pale shosho alikuwa tayari, na maabara juu.

Nilinunua moja ile rangi. Nilizoea.

Sasa tufike 1973, ambayo kwangu ndiyo mwaka muhimu katika stori hii yote na sijui kwa nini hakuna anayeizungumzia. Nathan Azrin alikuwa mwanasaikolojia kwenye hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili kusini mwa Illinois, Marekani. Huyu ndiye pia alisaidia kuandika njia ya kufundisha mtoto kutumia choo kwa chini ya siku moja, kwa hivyo mnaona hakuwa mtu wa falsafa ndefu. Yeye na mwenzake, R. Gregory Nunn, walichukua watu 12 wenye tabia zisizowatoka: kutikisa kichwa, kutikisa mabega, kung'oa kope, kunyonya kidole, kula kucha. Hawakuuliza kuhusu babu wala mama wala kunyonya. Waliuliza mkono unaanza safari lini, unapita wapi, na misuli gani inaubeba. Kisha wakawafundisha wale watu vitu viwili. Kwanza, kuukamata mkono ukiwa njiani, badala ya kushtuka ukiwa tayari mdomoni. Pili, kuupa kazi nyingine ambayo haiwezekani kufanywa pamoja na kutafuna: kukunja ngumi, au kushika kitu, na kukaa hivyo dakika tatu.

Hiyo tu. Tabia zilipungua mno kwa muda mfupi. Njia hiyo bado ndiyo msingi wa tiba hadi leo. Mwaka 2023 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walijaribu toleo lake jepesi kwa watu 268: badala ya kutafuna, jisugue ncha za vidole polepole. Baada ya wiki sita, asilimia 53 ya waliofanya hivyo walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 20 ya waliokuwa bado wanangoja zamu. Wala kucha ndio walinufaika zaidi.

Na lile swali la tatizo? Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kanada, waliweka watu 48 katika hali tofauti: za kuwaboesha, za kuwakera, za kuwastarehesha. Nusu yao walikuwa na tabia kama yangu. Hao walisikia hamu ya kutafuna zaidi walipoboeka na walipokereka kuliko walipotulia. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba wengi wao ni watu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa, hawawezi kukaa bure, na wakikwama wanajimalizia kwenye vidole. Horace alikuwa amesema karibu hivyo hivyo. Ilituchukua miaka elfu mbili na mzunguko mrefu kupitia kinyesi cha Wajerumani kurudi pale pale.

Kuna utafiti mmoja mnaweza kuwaonyesha wazazi wenu, lakini msiutumie vibaya. Mji wa Dunedin, New Zealand, umekuwa ukifuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Mwaka 2016 walitoa matokeo: wakiwa na miaka 13, kati ya wale ambao hawakunyonya vidole wala kula kucha, asilimia 49 ngozi zao zilionyesha mzio walipopimwa. Waliokuwa na tabia moja, asilimia 40. Waliokuwa na zote mbili, asilimia 31. Inawezekana ule uchafu ulifundisha miili yao kitu mapema. Lakini pumu haikupungua, na watafiti wenyewe walisema wazi hawawashauri watoto waanze. Pia hakuna popote waliposema mdudu wa kidole hauumi.

Nakumbuka Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya, kila redio ilikuwa inasema usiguse uso. Kwangu hiyo ilikuwa kama kuambiwa usipumue. Kilichonisaidia ni maski. Mkono ulikuwa unapanda, unagonga kitambaa, nashtuka. Mara ishirini, thelathini kwa siku. Hapo ndipo nilijua kwa mara ya kwanza ni mara ngapi nafanya. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nimefanya nusu ya tiba ya Azrin bila kutaka. Maski zilipotolewa, nusu ya pili sikuwa nayo, nikarudi.

Sasa ninayo. Nina wiki ya saba. Ndani ya matatu mkono ukianza kupanda nakunja ngumi na kuhesabu dakika tatu kwa saa ya simu, na juzi mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama kuna mtu amenikosea. Nimevunja mara nne, tatu zikiwa nikiedit video. Kucha ya mkono inaota kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hivyo hakuna miujiza ya kupiga picha. Kidole gumba kina ukingo mweupe, mwembamba, ambao naugusa na kidole cha pili kila saa kuhakikisha bado upo. Kile cha kati, cha mdudu, bado kinaota na mfereji katikati, na nimeambiwa huenda ukabaki hivyo.

Mama aliuona huo ukingo Jumapili. Aliushika mkono wangu juu ya meza, akaugeuza huku na huku, akauliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia ngumi. Akasema yeye angekuwa ametumia hiyo tangu nasari.

Video ya chapati nairudia Jumamosi. Taa ni ile ile, na safari hii sinki mtaiona.